Mwenyewe Hayupo: Fikra ya Kibuddha juu ya Nafsi, na Kiswahili cha Mrima

Mgeni afikapo mlangoni pa nyumba ya watu huko Chumbageni, mjini Tanga, hubisha hodi, na asipopata jibu huita tena, "Wenyewe wapo?" Haulizi majina, wala haulizi kama nyumba ina watu. Pengine watoto anawaona uani wakicheza, na mpangaji wa chumba cha nje amekwisha kumwitikia salamu. Aulizalo ni kama yupo yule ambaye nyumba ni yake, awezaye kusema "karibu" ikawa karibu kweli. Neno hili, mwenyewe, limejengwa juu ya -enye, shina la kuwa na kitu, na Kiswahili hulitumia bila kusita kwa mambo mawili: mtu aliye na mali, na mtu kwa nafsi yake. "Mwenyewe amesema" yaweza kuwa na maana kwamba mwenye shamba amesema, au kwamba huyu huyu, kwa kinywa chake, amesema. Zipo lugha zinazoyatenga mambo haya mawili kwa maneno mawili yasiyofanana. Yetu imeyaweka katika nyumba moja.

Naanza na neno hili kwa kuwa ndilo, kwa maoni yangu, lifungualo mlango wa fundisho moja gumu la Wabuddha, lile liitwalo anatta katika lugha ya Kipali na anatman katika Kisanskriti. Aghalabu fundisho hili hufasiriwa kwa Kiswahili kwa maneno "hakuna nafsi". Msikilizaji wa pwani asikiapo hivyo huziba masikio, na ana haki. Kwake yeye nafsi ndiyo itakayoonja mauti, ndiyo ya kulaumiwa na kurudiwa, ndiyo itakayohesabiwa. Kumwambia kwamba haipo ni kumwambia kwamba hakuna wa kutenda wala wa kuulizwa. Na Buddha hakusema hivyo. Rai yangu ni kwamba anatta yafaa itafsiriwe kwa neno mwenyewe, si kwa neno nafsi, na kwamba sababu za kufanya hivyo hazimo katika kamusi tu, bali zimo katika historia ya Mrima.

Tuanze Bara Hindi. Karne chache kabla ya Buddha, na katika zama zake pia, wanazuoni waliotunga Upanishad walikuwa wakitafuta kitu ndani ya mtu kisichozeeka wala kufa, mtawala wa ndani, nao walikiita atman. Buddha, aliyeishi yapata karne ya tano kabla ya Masihi, alilitwaa swali lao lakini hakulipokea jibu lao. Mapokeo yasema kwamba katika bustani ya Isipatana, karibu na mji wa Varanasi, aliwahutubia watawa watano juu ya jambo hili. Aliugawa mtu mafungu matano: umbo la mwili, hisia za raha na karaha, utambuzi wa vitu, nia na maelekeo ya moyo, na ufahamu. Kisha akaliuliza kila fungu kama ndilo mwenyewe.

Yafaa tutazame jinsi alivyouliza, kwa maana hapo ndipo wengi hupita mbio. Hakuchungulia ndani akasema kwamba ametafuta asione kitu. Hivyo alisema David Hume, Mskoti, katika kitabu chake cha mwaka 1739, na hoja ya Hume ni hoja ya mtazamaji. Hoja ya Buddha ni ya milki na amri. Alisema kwamba mwili ungalikuwa ndiye mwenyewe, usingaliugua, na mtu angaliweza kuuamuru uwe hivi usiwe vile, nao ukatii. Lakini mwili huugua pasipo kuombwa idhini, hisia huja zisipoitwa, na mawazo hayangoji ruhusa. Basi hakuna hata fungu moja ambalo mtu aweza kuliita "langu" kwa maana ile aitayo shamba lake. Ni kana kwamba Buddha amesimama penye nyumba ya vyumba vitano, anabisha kila mlango na kuuliza kama mwenyewe yupo. Na kila chumba chamjibu kwamba wapangaji wapo. Hakusema kwamba nyumba ni tupu, wala kwamba wapangaji ni ndoto.

Ndiyo sababu mzururaji mmoja, Vacchagotta, alipomwendea na kumwuliza kama nafsi ipo, Buddha alinyamaza. Na alipomwuliza kama basi haipo, alinyamaza vile vile. Vacchagotta akaenda zake. Baadaye Buddha alimweleza Ananda, mwanafunzi wake, kwamba jibu la kwanza lingalimtia katika kundi la wasemao kuna kitu cha milele ndani ya mtu, na la pili katika kundi la wasemao mtu huangamia kabisa. Na zaidi ya hayo, yule maskini angalirudi kwake amechanganyikiwa, akidhani kwamba nafsi aliyokuwa nayo jana leo imepotea. Atafsiriye anatta kwa "hakuna nafsi" amelitoa jibu lile la pili ambalo Buddha alikataa kulitoa. Wala Wabuddha hawakuwa na kauli moja. Walikuwamo miongoni mwao waitwao Wapuggalavada, walioshikilia kwamba yupo mtu, ingawa hawezi kusemwa kuwa ni sawa na mafungu yale matano wala kuwa mbali nayo. Na Xuanzang, msafiri wa Kichina aliyezunguka Bara Hindi katika karne ya saba, aliwakuta wangali wengi sana.

Mfano mashuhuri wa fundisho hili umo katika Milinda Panha, kitabu cha mazungumzo ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, yaani Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi ya Bara Hindi katika karne ya pili kabla ya Masihi. Nagasena alimwuliza mfalme kuhusu gari alilojia: gari ni ekseli? Ni magurudumu? Ni nira? Mfalme akakiri kwamba "gari" ni jina litumikalo vipande vikiwapo pamoja kwa mpango wake. Sisi wa pwani tunao mfano wetu, na ni wa kweli, wenye tarehe. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu ya Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael ilikwama katika mafungu ya mchanga ya Mtang'ata, kusini ya Tanga, na mafungu yale Wareno wakayapa jina la merikebu. Walipokuwa wakirejea kutoka Bara Hindi, mwezi wa Januari mwaka 1499, mabaharia walikuwa wamekufa wengi hata hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi pale pale Mtang'ata waliipakua São Rafael, shehena wakaihamishia katika merikebu mbili zilizobaki, na yenyewe wakaitia moto. Sanamu ya mbao ya malaika Rafael iliyokuwamo walikwenda nayo Ureno, na hata leo yatazamwa Lisbon.

Nagasena angaliuliza: São Rafael iko wapi? Jina limebaki katika mafungu ya mchanga. Shehena imefika kwao. Sanamu imo katika makumbusho. Mkuku na mataruma yamekuwa majivu. Hakuna kitu kimoja kilichotoka ndani ya merikebu wakati wa moto kikaenda mahali, na hata hivyo hatuwezi kusema kwamba merikebu haikuwapo. Ilikuwapo vya kutosha hata ikapanda mchanga. Hivyo ndivyo Mbuddha amwonavyo mtu.

Yapata karne ya pili au ya tatu baada ya Masihi, Nagarjuna aliisukuma hoja hii mpaka mwisho wake. Kama mtu ni mkusanyiko usio na mwenyewe, alisema, basi na kila kipande cha mkusanyiko kina hali hiyo hiyo. Ekseli nayo ni vipande, na chochote kilichopo kipo kwa kutegemea kingine. Hali hiyo aliiita sunyata, utupu, na alionya kwamba utupu wenyewe usifanywe kitu. Kutoka hapo alifika kwenye kauli iliyowashtua wengi: kwamba hapana tofauti yoyote kati ya dunia hii ya kuzaliwa na kufa na ile nirvana inayotafutwa. Hilo ndilo waliitalo kutokuwa na uwili. Kitabu cha Vimalakirti chasimulia kwamba wakamilifu wengi walieleza mmoja mmoja jinsi ya kuuingia mlango huo, na Manjusri akasema kwamba kueleza kokote ni kurudi kwenye uwili; Vimalakirti alipoulizwa zamu yake hakusema neno.

Hapa wanafunzi hukosea mara nyingi, nami ningependa wasikosee. Kutokuwa na uwili kwa Nagarjuna si kule kwa Shankara, mwanazuoni wa Kihindu wa yapata karne ya nane. Shankara afundisha kwamba atman ni moja tu, nayo ndiyo Brahman, na yote mengine ni mazigazi. Kwa maneno yetu ya mlangoni, Shankara asema kwamba nyumba zote za mji zina mwenyewe mmoja; Nagarjuna asema kwamba wenyewe hawako, na mji unaendelea kama kawaida. Waalimu hawa wawili wamekaribiana kwa msamiati, na ni kweli kwamba Gaudapada, mwalimu wa mwalimu wake Shankara, alitumia hoja nyingi za Kibuddha, lakini walikoishia ni mbali na mbali.

Je, fikra hizi zilipata kufika pwani yetu? Zilifika kwa njia mbili, na kwa kila njia lile fundisho lenyewe liliachwa bandarini.

Njia ya kwanza ni ya kitabu. Kisa cha mwana wa mfalme aliyefichwa asione uzee, maradhi wala mauti, na siku alipoviona akauacha ufalme, kiliingia katika Kiarabu katika zama za Abbasi kwa jina la Kitabu cha Bilawhar na Budhasaf. Ibn al-Nadim akitaja katika orodha yake ya vitabu ya mwaka 987. Budhasaf ni neno Bodhisattva lililopita katika vinywa vya Waajemi na Waarabu. Ajuaye hati za Kiarabu, kama walivyozijua wazee wetu walioandikia Kiswahili, ataona upesi lililofuata: nukta moja ya herufi ba ikawa mbili, herufi ikawa ya, na Budhasaf akawa Yudhasaf. Kwa jina hilo kisa kilihamia kwa Wajojia, kisha kwa Wagiriki na Walatini, na Buddha akaingia katika orodha ya watakatifu wa Kanisa la Roma kwa jina la Josaphat, mwenye siku yake tarehe 27 Novemba. Sidhani kama ipo nukta nyingine iliyofanya kazi kubwa namna hii. Kitabu cha Kiarabu kilihifadhiwa na Waismailia, kikapigwa chapa Bombay mwaka 1306 wa Hijra, yaani 1888 na 1889, miezi ile ile ambayo Mrima ulikuwa ukipigana na Wajerumani chini ya Abushiri bin Salim, vita ambavyo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alivitungia utenzi. Bombay ndiko walikotoka wafanyabiashara wengi wa bandari zetu. Lakini mtu akikisoma kisa kile hatakuta anatta. Atakuta zuhudi: dunia yapita, usiitegemee, tengeneza nafsi yako. Nafsi imebaki mahali pake.

Njia ya pili ni ya watu. Mwaka 1892 Wajerumani walileta vibarua wa Kichina na wa Kijava kutoka Singapore kufanya kazi katika mashamba ya Usambara, wakashukia Tanga. Mpango ule haukudumu. Wasinhala wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, walidumu. Hekalu lao la Upanga, Dar es Salaam, limekuwapo tangu miaka ya 1920, nao ni miongoni mwa makao ya kale kabisa ya Ubuddha katika Afrika. Hata hivyo lilikuwa hekalu la wageni kwa ajili ya wageni, na kwa muda mrefu mafundisho yake hayakutafutiwa Kiswahili.

Atatokea mtu aseme kwamba Kiswahili hakikuhitaji Ubuddha, kwa kuwa masufi walikwisha kutuletea jambo hilo hilo. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, aliieneza Kadiria Zanzibar na Mrima, na katika halaka za dhikiri lilitajwa neno fanaa, kutoweka kwa nafsi. Tena ulikuwapo ubishi mkubwa wa wanazuoni juu ya asili yake. Mwaka 1960 R. C. Zaehner alidai kwamba Abu Yazid al-Bistami, wa karne ya tisa, aliyapata mawazo yake kutoka India kwa mwalimu wake Abu Ali al-Sindi; mwaka 1962 A. J. Arberry alimpinga kwamba ushahidi haumfikishi huko. Mimi naona Arberry alikuwa na nguvu zaidi. Lakini tukiacha asili, mambo haya mawili hayalingani. Katika fanaa, kama alivyoieleza al-Junaid, mja hutoweka kwa kuwa yupo Mwenye kubaki. Nyumba yakabidhiwa kwa Mwenyewe wa haki. Njia nzima ya nafsi, kutoka ile iamrishayo maovu hadi ile ijilaumuyo na hata ile iliyotua, ni njia ya makabidhiano hayo. Buddha habishi hodi kwa ajili ya kukabidhi. Afadhali tuache kila mmoja aseme lake kuliko kuwafanya ndugu kwa nguvu.

Na ushairi wetu mkubwa wa toba waonyesha jinsi nafsi ya Kiswahili ilivyo na uwili. Katika Al-Inkishafi, alioutunga Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, msemaji huuhutubia moyo wake mwenyewe: huushauri, huukemea, huuonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka. Kwa kuona jinsi vitu vipitavyo, mshairi huyu hashindwi na mtawa yeyote. Lakini ndani ya mtu mmoja wamo wawili, mmoja asemaye na mmoja aambiwaye, na utenzi wote unasimama juu ya uwili huo. Ungaliuondoa, hapangalikuwa na wa kuonywa.

Sasa nije kwenye lile linalonifanya nione kwamba suala hili si la kupitisha wakati. Katika Mrima wa karne ya kumi na tisa, mwenyewe halikuwa neno la falsafa. Lilikuwa neno la sheria na la soko. Pangani na Tanga zilikuwa bandari za misafara, na watu walikuwa na wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika habari zilizotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, aeleza utumwa kama alivyoeleza ndoa na kilimo, jambo la desturi lenye daraja zake: mjinga, aliyetoka bara karibuni, na mzalia, aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Mtumwa aliweza kupelekwa kazini kwa watu wengine na ujira akagawana na bwana wake, na humo mna asili ya jina kibarua. Mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873 ulikataza biashara ya watumwa baharini, haukuvunja utumwa. Wajerumani nao hawakuuvunja, waliutia kanuni. Kwa amri ya mwaka 1901 mtumwa alipewa siku mbili katika juma za kujifanyia kazi, na haki ya kulipa thamani yake akawa huru. Kwa amri ya mwaka 1904, watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 hawatakuwa watumwa. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo hali ya utumwa ilipofutwa katika Tanganyika yote.

Watu wa Mrima walikuwa na neno kwa yule aliyelipa thamani yake: alijikomboa. Msomaji na alitazame neno hili polepole. Nani alimkomboa nani? Mlipaji na mlipiwa ni mmoja. Ili alipe ilimpasa awe na mali, na ili awe na mali ilimpasa awe na siku mbili ambazo ni zake, na siku zile alipewa na aliyekuwa na siku zilizobaki. Kabla ya kulipa, mwenyewe alikuwa mtu mwingine. Baada ya kulipa, mwenyewe akawa yeye. Lakini yeye alikuwapo pande zote mbili za malipo, akilima, akiugua, akiimba, bila kungoja hati imwambie kwamba yupo. Hapo kiambishi kidogo -ji- kimebeba yale ambayo wanafalsafa wameyaandikia majuzuu.

Basi mjukuu wa aliyejikomboa ana haki ya kuuliza: tumehangaika miaka mingi kupata wenyewe wetu, leo mwatuambia kwamba mwenyewe ni mazigazi? Swali hili ni zito kuliko mapingamizi yote ya kimantiki, na Wabuddha wasijifanye hawalisikii. Historia yao haiwasaidii sana. Kanuni za watawa katika Vinaya zakataza mtumwa kuingizwa katika utawa, kama zinavyomkataza mwenye deni na askari wa mfalme, ili wenye haki juu yao wasidhulumiwe. Na huko Lanka ya kale makao ya watawa yalikuwa na watumwa wao. Yaani wale waliofundisha kwamba mwili si mali ya mtu walikubali kwamba mwili wa mtu waweza kuwa mali ya makao ya watawa. Karibu nasi zaidi, Brian Victoria alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1997 jinsi waalimu wa Zen huko Japani walivyolitumia fundisho la kutokuwa na nafsi kuwatia moyo askari waue na wafe bila kusita. Kama hakuna auaye wala auawaye, upanga hauna hatia: hivyo ndivyo hoja nzuri iwezavyo kuharibika.

Lakini ukiirudia ile hotuba ya Isipatana, utaona kwamba hoja haianzi kwa mtumwa, yaanza kwa bwana. Inamwuliza asemaye "changu" kama aweza kukiamuru akiitacho chake. Anayeshindwa kuuamuru mwili anaovaa usiugue atadai vipi kwamba ameumiliki mwili wa mwingine? Ikitafsiriwa "hakuna nafsi", hoja hii yampokonya mnyonge kitu pekee alichobakiwa nacho. Ikitafsiriwa "hakuna mwenyewe", yampokonya mwenye hati. Watawa wa kale hawakuifikisha huko. Hoja iliwazidi wenye kuitoa, na jambo hilo si geni katika historia ya dini yoyote. Sisi tulio na neno moja kwa bwana wa mali na kwa nafsi ya mtu tunaona kwa sikio tu mahali walipoachia njiani.

Wengine hupenda kutaja hapa methali yetu, mtu ni watu, kana kwamba ndiyo anatta iliyovaa kanzu. Methali ni ya kweli, na inakaribiana na fundisho la Wabuddha kwamba kila kitu hutokea kwa kutegemea kingine. Lakini methali yamjenga mtu kwa watu, na watu inawaacha wima. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliusimamisha utu juu ya msingi huo, na kitabu alichoandika juu ya maisha yake akakiita Maisha Yangu, bila wasiwasi juu ya lile yangu. Nagarjuna angalimwuliza kuhusu watu wenyewe: na wao ni akina nani?

Mahali ambapo Kiswahili chakaribia zaidi ni katika maneno ya kulaumu. Kwetu kujiona si elimu, ni ila. Mtu akisemwa kwamba anajiona, au anajisikia, hakusifiwa kwa kuijua nafsi yake. Wabuddha nao wana neno asmimana, yaani majivuno ya "mimi ndimi", na wasema kwamba hudumu hata baada ya mtu kusadiki kabisa kwamba hakuna mwenyewe. Khemaka, mtawa aliyekuwa mgonjwa, aliulizwa na wazee kama amekwisha kufika mwisho wa njia. Akawajibu kwamba katika mafungu yote matano haoni kitu cha kukiita mwenyewe, lakini "mimi" bado inasikika, kama harufu ya ua ambayo si ya petali wala ya shina. Akaeleza kwa mfano wa nguo iliyofuliwa kwa magadi na samadi ya ng'ombe: imetakata, lakini yanuka magadi na samadi, mpaka mwenyewe aitie katika kasha lenye manukato. Mkewe yeyote wa Tanga anayefukiza nguo kwa udi baada ya kuanua angalimwelewa Khemaka upesi kuliko wale wazee waliomtuma mjumbe mara kwa mara, mpaka mgonjwa akashika fimbo akawaendea mwenyewe.